Hakuna Pepo Tu

Krismasi ya 2023 binamu yangu alirudi Voi kutoka Johannesburg, na kwenye tableti yake alikuwa amebeba filamu ambazo sisi huku tulikuwa tumezisikia tu. Kizazi Moto: katuni kumi fupi kutoka nchi sita za Afrika, zilizotoka Julai 2023 kwenye Disney+. Jina ni la Kiswahili, lakini Disney+ yenyewe ilikuwa haijafunguliwa Kenya, kwa hivyo wenye lugha tulibaki nje tukisikiliza ngoma ukutani. Hilo ni lalamiko la siku nyingine. Jioni ile stima ilikuwa imepotea mtaani, feni imenyamaza, joto la Voi mnalijua, na sisi watu saba tumebanana mbele ya kioo kidogo. Nyanya yangu, ambaye huteremka kutoka milimani mara moja kwa mwaka na kulilalamikia joto mpaka siku ya kurudi, alikuwa kwenye kiti cha nyuma. Tulidhani amelala.

Ilipoisha ile ya Uganda, Herderboy, akauliza: "Na hao pepo, ni nani aliwakosea?"

Tukatazamana. Mtoto wa dada yangu, wa darasa la sita, akamjibu kwa upole, "Nyanya, hao ni pepo tu."

"Hakuna pepo tu," nyanya akasema, akaomba maji.

Nimeishi na jibu hilo tangu siku hiyo, kwa sababu mimi mwenyewe najaribu kutengeneza katuni ya aina hiyo hiyo, na jibu lile limeniharibia kazi. Nitafika huko.

Kwanza tuipe filamu haki yake. Herderboy ya Raymond Malinga ni kazi safi. Iko katika ufalme wa Chwezi, ambako wachungaji hodari ni nusu watu nusu mashine, na kazi yao ni kulinda ng'ombe wa thamani dhidi ya pepo wawindaji. Kijana Ndahura anataka kuwa mmoja wao, anaharakisha, mambo yanaharibika. Katika dakika kama kumi tumeshaamini kwamba mchungaji anaweza kuwa na chuma mwilini na bado akawa mchungaji, mtu wa kutembea na wanyama na kuwajua. Hilo si jambo dogo. Miaka mingi mchungaji kwenye katuni za wageni alikuwa pambo la nyuma, kijiti cheusi kwenye jua linalotua.

Lakini wenye kuyajua masimulizi ya Bunyoro-Kitara watakuwa wameshtuka kidogo kama mimi. Ndahura ni jina la mfalme wa Wachwezi. Na Wachwezi, kwa masimulizi hayo, walitawala, wakatoweka, na baadaye wakaheshimiwa kama mizimu inayopanda watu vichwani. Yaani kwenye simulizi, Wachwezi ndio pepo. Kwenye filamu, Wachwezi wana mitambo na pepo ni maadui wanaokuja kutoka gizani kula ng'ombe. Inawezekana ni geuzo la makusudi, na kama ni hivyo ni geuzo zuri sana. Ila halikupewa nafasi ya kuonekana. Chuma cha mchungaji tunaelezwa ni cha nini. Pepo wametoka wapi, wanadai nini, wamekosewa na nani, hapo tumeachwa. Mashine imepewa historia, mzimu umepewa meno.

Hii ndiyo kasoro ninayoiona kwenye katuni nyingi za njozi zinazotaka kuchanganya uchawi na teknolojia, za kwetu na za nje. Mchanganyiko wenyewe ni wa rangi. Unachukua hirizi, unaitia taa za buluu. Unachukua ngao, unaichora saketi. Kinyago kinaruka kama droni. Macho yanafurahi, na mimi pia nafurahi, sitaki kujifanya mtakatifu. Lakini ukiuliza uchawi huo unafanya kazi vipi, unakuta ni betri tu. Na betri, kila mwenye simu Voi anajua, lazima mtu aichaji.

Kwenye mkusanyiko huohuo kuna Enkai ya Ng'endo Mukii, ndiyo ya Kenya. Enkai ni jina ambalo Wamaasai humwita Mungu, na hapa amekuwa mtoto, binti wa Shiro, mama ambaye dunia inayoharibiwa na binadamu iko mabegani mwake. Kwa filamu hiyo nyanya hakuuliza swali lolote. Alisema tu, "Huyo mama amechoka." Basi. Alikuwa ameshaona bei, na akishaona bei anaamini bidhaa.

Sasa niwaombe tuendeshe gari. Kutoka Voi ukielekea Nairobi, chini ya saa moja, uko daraja la Tsavo. Mwaka 1898 reli ya Uganda ilikuwa imefika pale na mhandisi John Patterson alikuwa amepewa kazi ya kujenga daraja. Simba wawili wasio na manyoya shingoni wakaanza kuwatoa wafanyakazi kwenye mahema usiku. Patterson ameandika katika kitabu chake cha 1907 kwamba wafanyakazi walimwambia hao si simba. Ni roho za machifu wawili wa nchi hii waliokufa, wamechukia reli kupita kwao, na risasi haitawafanya kitu.

Patterson anaisimulia kauli hiyo kama mtu anayesimulia ujinga wa wengine. Halafu tazama alichofanya yeye. Alijenga mtego mkubwa kwa mataruma ya reli, vipande vya reli ndogo, nyaya za telegrafu na minyororo. Ulikuwa na vyumba viwili: kimoja cha simba kuingia, kingine cha watu, wao wakiwa ndio chambo, na vyuma katikati. Usiku mmoja simba aliingia kweli, mlango ukaanguka nyuma yake. Askari waliokuwa upande wa pili, hatua chache tu kutoka kwake, walipiga risasi ovyo, moja ikavunja chuma cha mlango, na simba akatoka akaenda zake. Ilimchukua Patterson mpaka Desemba mwaka huo kuwaua wote wawili. Ngozi zao ziliuzwa Chicago mwaka 1924, na hadi leo simba wa Tsavo wako huko, kwenye jumba la makumbusho la Field, wamejazwa na kusimamishwa nyuma ya kioo.

Soma tena orodha ya vifaa. Nyaya za telegrafu, ile teknolojia iliyokuwa ikibeba sauti ya dola kutoka Mombasa kuingia bara, zimefungwa kuwa tundu la kunasia mizimu ya machifu. Hakuna mwandishi wa njozi aliyekaa chini akabuni hilo. Limetokea hapa, kwenye udongo huu mwekundu. Na tofauti yake na hirizi ya taa za buluu ni moja tu: pepo wa Tsavo wana sababu. Wanajua kwa nini wanakula watu. Reli imewapita bila kuuliza. Mwaka 1996 Hollywood ilitoa filamu ya watu halisi kuhusu mkasa huo, ikaipigia Afrika Kusini, ikatia vitisho vya kutosha. Katuni bado hakuna aliyeifanya inavyostahili.

Aliyekaribia zaidi, ajabu ya mambo, ni Mjapani ambaye hakuwa akiifikiria Tsavo. Princess Mononoke ya Hayao Miyazaki, 1997. Inaanza na mungu-nguruwe aliyegeuka kuwa shetani, anakimbia akiunguza kila anachogusa. Akishauawa, wanakuta ndani ya mwili wake kitufe cha chuma. Ni risasi, iliyotoka kwenye mji wa wafua vyuma wanaokata msitu. Laana yote imetokana na chuma kile kukaa ndani ya mungu na kumwoza kwa chuki. Hapo hakuna kubandika. Teknolojia imeingia mwilini mwa uchawi na kuuchafua, na huwezi kuelewa kimoja bila kingine. Na bibi anayeongoza ule mji wa chuma si katili wa vitabu vya watoto. Amewapa kazi wanawake waliokuwa wakiuzwa na kuwatunza wenye ukoma. Ukiniuliza reli ilikuwa nini kwa Voi, nitakujibu kwa namna hiyo hiyo. Bila reli, mji huu usingekuwa ulivyo. Babu yangu alisomesha watoto kwa mshahara wa reli. Na walioliwa pale Tsavo hawakuwa na mtu wa kuwauliza.

Ninashuku sehemu ya tatizo iko kwenye lugha tunayoandikia miswada. Kiingereza kina neno moja, nalo limemeza yote: mtu anayetoa sungura kwenye kofia, anayeponya na anayeua kwa husuda. Kiswahili hakikubali uvivu huo. Uchawi ni mbaya, hauna mjadala, ukimwita mtu mchawi hapa umemtukana na pengine umemhatarisha maisha. Wazee wamechomewa nyumba Kenya hii kwa neno hilo. Uganga ni kazi, una mafunzo na malipo. Mazingaombwe ni ya jukwaani. Kafara ni deni linalolipwa. Halafu kuna neno ambalo naona limesahauliwa na waandishi wetu, nalo ni mizungu: ujanja wa kufanya mambo ya ajabu, na pia mafunzo ya siri ya jandoni na unyagoni. Mizungu haibagui kati ya fundi na mganga. Ni maarifa ambayo hupewi mpaka uwe tayari.

Na stima je? Neno lilikuja na meli na mitambo ya mvuke, leo Kenya ni umeme wa nyumbani, ule uliotupotea usiku wa Krismasi. Mvuke ulishaondoka, jina likabaki likapanda nguzo. Hata lugha imekuwa ikifanya ujenzi wa dunia bila kutuambia.

Wanaotafsiri na kuandika katuni kwa Kiswahili wakifika hapo huweka "uchawi" kila mahali na kuendelea. Matokeo yake shujaa wa miaka kumi anajisifu kwamba yeye ni mchawi. Jaribu kumwonyesha nyanya yangu hilo.

Kuna njia nyingine, nayo ni kuutoa uchawi kabisa. Super Sema, katuni iliyoanza YouTube Machi 2021 ikiwa na Lupita Nyong'o kati ya watayarishaji wakuu, ilifuata njia hiyo. Sema anailinda jamii yake ya Dunia dhidi ya Tobor, mtawala wa akili bandia asiye na moyo (soma jina lake kinyumenyume), na silaha zake ni sayansi na ubunifu, akiwa na pacha wake MB. Watoto wa kwetu waliiona, kwa kuwa YouTube inafika. Naipenda kwa sababu ya kelele waliyoipiga wakiiangalia. Lakini ni dunia ambayo kila tatizo lina suluhisho linaloweza kujengwa mezani, na mimi nimezaliwa mahali ambapo si kila kitu kinakubali kujengwa mezani. The Legend of Korra ya Marekani, 2012, ilipata jambo dogo ambalo nimelihusudu: kijana mwenye uwezo wa kurusha radi anaajiriwa kiwandani kuzalisha umeme, anapanga foleni, anapokea mshahara. Kipaji kitakatifu kimekuwa kibarua. Sekunde chache tu za picha, na jamii nzima imeelezeka.

Wachungaji wenye mitambo hawakuanzia kwenye katuni, lakini. Richard Turere, kijana wa Kimaasai wa Kitengela, alikuwa na miaka kumi na kitu alipochoka na simba wa mbuga ya Nairobi kula ng'ombe wa baba yake. Alijaribu moto, simba wakamwona vizuri zaidi. Alijaribu sanamu ya mtu, usiku wa kwanza wakaogopa, baadaye wakazoea. Usiku mmoja akazunguka boma na tochi, simba hawakuja, akagundua wanachoogopa ni mwanga unaotembea. Akachukua betri kuukuu ya gari, paneli ya jua, kifaa cha kuwashia indiketa za pikipiki na balbu za tochi mbovu, akaunda taa zinazowaka kwa zamu. Mwaka 2013 alisimama jukwaa la TED kulieleza. Angalia mfululizo huo: kila hatua ameongeza ujuzi wa simba, si wa mtambo tu. Huyo ndiye Ndahura.

Na karibu zaidi, mlima ule unaouona ukisimama stendi ya Voi, Sagalla. Chini yake wakulima wamezungushia mashamba mizinga ya nyuki, kazi iliyoanzishwa na mtafiti Lucy King. Tembo anaogopa nyuki. Mizinga inaning'inizwa kila baada ya mita kama 10, imeunganishwa kwa waya; tembo akisukuma waya popote, mizinga inatikisika na nyuki wanatoka. Hakuna stima. Na ukuta huo una masharti: lazima nyuki wapate maua, maji, kivuli. Ukame ukija, nyuki wanahama na mizinga inabaki mitupu, tembo wakarudi. Ni ukuta ulio hai unaokuhitaji uutunze ili ukutunze.

Ukimsimulia mtu wa milimani habari ya ukuta wa namna hiyo, hatashangaa. Atakwambia hiyo ni fighi. Fighi ni misitu mitakatifu ya Wadawida, na pia ni ile kinga yenyewe inayokaa humo. Nilivyosimuliwa, adui aliyekuja kuiba ng'ombe alipovuka mpaka wa fighi alipotea njia, akazunguka mpaka alfajiri palepale. Lakini ilikuwa na wazee wake, nyakati zake, na miti usiyoikata. Ukikosea, haifanyi kazi, au inakugeukia wewe. Ndugu zetu wa kaya za Mijikenda wana fingo yao, na masharti yao.

Hapo ndipo kazi yangu ilipoharibika.

Tuko watano, tunakutana Jumamosi, wawili wanajua kuchora vizuri, mmoja anajua programu, mimi naandika. Muswada wetu wa kwanza ulikuwa hivi: karne ijayo, Taita imezungukwa na uzio wa umeme, na kinachouendesha ni mafuvu ya wahenga yaliyo mapangoni. Mnajua Wadawida zamani walimzika mtu, baada ya muda wakafukua fuvu na kuliweka pangoni pamoja na ya waliotangulia, na ukoo ukawa unaenda kuongea nao wakati wa ukame au ugonjwa. Mapango hayo yapo hadi leo. Sisi tukayatia taa. Buluu, bila shaka. Kila fuvu likawa kituo cha nguvu. Tulipeleka mahali fulani penye fedha, wakatujibu wameipenda mno, ila tuongeze mambo ya asili. Mafuvu zaidi, kwa ufupi.

Nikaenda kumsomea nyanya, nikijua kabisa nitakachopata, labda nikikitafuta. Nyanya ni Mwanglikana wa jumuiya na kwaya, hajatambika maisha yake yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Ni wa ukoo gani hao?"

Nikasema ni wahenga tu, wa kubuni.

"Mmewauliza?"

Nikanyamaza. Kwa sababu, ukweli ni kwamba nilikuwa nimefanya walichofanya wenye reli. Nilipitisha laini yangu juu ya watu na sikuuliza. Kuna watakaosema ni katuni, ni mafuvu ya kuchorwa, hakuna aliyeumia. Nimejiambia hivyo mara nyingi, na mchana inaingia akilini. Lakini najua pango moja lenye mafuvu ya watu wa kwetu, na najua mtu mmojammoja kijijini anayeweza kuhesabu ni ya akina nani, na wamebaki wachache. Kumgeuza babu wa mtu kuwa nguzo ya stima si kuchanganya uchawi na teknolojia. Ni kumfanyisha kazi tena baada ya kufa, bila mshahara, kwa faida ya mtu asiyemjua jina.

Wenzangu hawakukubaliana wote. Yule wa programu alisema, na ana hoja, kwamba tukiogopa kila kitu cha kwetu, wengine watakuja kukichora bila kuogopa, na wajukuu wataijua Taita kupitia mikono yao. Tuligombana Jumamosi tatu. Wenye fedha waliacha kujibu barua pepe.

Muswada wa sasa una simba wawili wanaozungumza na ukuta wa mizinga. Ndani ya mizinga hakuna nyuki wa kawaida, lakini wana masharti yale yale: maua, maji, kivuli, na mtu wa kuwaambia habari za nyumbani. Msichana anayeulinda uzio ni mtoto wa fundi wa reli. Anajua kufunga waya na anajua kuomba ruhusa, na katika tukio la nne anasahau la pili. Tumeshachora matukio tisa. Pango bado limo, upande wa kushoto wa mlima. Yule dada anayechora mandhari amelijaza wino mweusi kabisa, hakuacha hata alama moja ya ndani, na alipoulizwa kama ataongeza kitu, alisema atamngoja nyanya ateremke Desemba.